Waliokuja Kumhudumia Babu

Kila alipotoka shule, kitu cha kwanza Chiriku alichokitazama ni kamba ya kuanikia nguo uani. Akiona mashuka ya babu yameanikwa, alijua mhudumu bado yupo. Kamba tupu ilimaanisha kuwa mtu mwingine amefungasha virago.

Jumatatu hiyo kamba ilikuwa tupu.

Ndani, babu alikuwa ameketi kitini karibu na dirisha, bado amevaa shati la jana. Shangazi alikuwa amewahi kazini akiamini kwamba mhudumu angerudi asubuhi ile kutoka mapumziko yake ya Jumapili. Hakurudi, na simu yake alikuwa ameizima. Jirani alichungulia mara moja akampa babu chai, na chai yenyewe nusu ilikuwa imemwagikia kifuani.

"Naye ameenda?" Chiriku aliuliza.

Babu alitikisa kichwa kukubali, kisha akageukia dirishani.

Chiriku ni jina alilopewa na babu mwenyewe, maana alipokuwa mdogo mdomo wake haukujua mapumziko. Siku hizi jina hilo lilimpwaya. Wazazi wake walifanya kazi mji mwingine, wakija mwisho wa mwezi. Shangazi, dada wa baba yake, alikuwa mpokea malipo katika duka la vifaa vya ujenzi, akitoka alfajiri na kurudi jua likizama. Na babu, fundi seremala aliyesifika kwa utani, alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono na mguu wake wa kulia vilikufa ganzi, na ulimi ukawa mzito. Kwa hiyo mchana kutwa nyumba ilikuwa kimya, na kimya hicho kilimkaa Chiriku moyoni.

Wahudumu walikuja na kwenda. Wa kwanza alipenda kujipaka marashi, naye alimsuka Chiriku nywele huku wakipiga soga. Alipoondoka, Chiriku alilia siku nzima. Wa pili alikuwa mwanamke wa miraba minne aliyemnyanyua babu bila hata kuhema. Naye akaenda. Huyu wa tatu, Chiriku hakutaka hata kujua jina lake. Akitoka shule alimwamkia, akaingia chumbani na kufunga mlango. Aliona heri upweke kuliko kuzoea mtu kisha akamkosa.

Jioni shangazi alipopata habari, alikaa kitako sebuleni na viatu vyake miguuni.

"Nimechoka, mwanangu," alisema. "Nitatafuta mwingine, lakini huyo akituacha, sina ujanja tena. Babu itabidi apelekwe nyumba ya wazee kule mbali, nawe utakwenda bweni."

Usoni Chiriku alionekana hajali, lakini ndani alikuwa anakufa kwa hofu. Babu alikuwa hasemi sawasawa, ni kweli, lakini alikuwa babu yake, na pale dirishani ndipo mahali pake.

Shangazi alikuwa na utaratibu wake wa kuajiri. Kabla mwombaji hajafika, babu alilazwa kitandani na mlango ukafungwa. Kazi ya Chiriku ilikuwa kuficha beseni na mashuka yenye mkojo, kufungua madirisha, na akiulizwa, aseme kwamba babu ni mtulivu kama maji mtungini. Kisha shangazi aliuliza maswali yale yale: umesoma wapi, umefanya kazi hii muda gani, unaweza kumnyanyua mtu mzima? Mwombaji hakumwona babu mpaka siku ya kuanza kazi, na kufikia hapo alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Jumamosi walitarajiwa waombaji wawili. Wa kwanza alikuwa binti nadhifu aliyewahi kufanya kazi hospitalini. Vyeti vyake vilipangwa vizuri, na majibu yake yalimfurahisha shangazi mpaka akaenda jikoni mwenyewe kumtengenezea chai. Binti yule alimgeukia Chiriku.

"Mdogo wangu, hebu niambie ukweli. Mbona waliotangulia hawakukaa?"

Yale maneno ya maji mtungini yalikuwa tayari mdomoni. Chiriku alimtazama binti yule, macho yake ya upole na nywele zake zilizosukwa vizuri. Akajiona tena amesimama uani mbele ya kamba tupu. Uongo ule ukamshinda.

"Babu anatema chakula," alisema. "Kitandani anajikojolea. Akikasirika anarusha kikombe kwa mkono wa kushoto. Na jioni analia, ukimuuliza hasemi kwa nini."

Binti akasema polepole, "Ahsante kwa kuniambia. Hospitalini nimezoea wagonjwa wengi, leo huyu, kesho yule. Kukaa na mtu mmoja siku zote, analia nami sijui la kufanya, hilo siliwezi. Sitaki kuwadanganya."

Alimuaga shangazi kwa adabu, chai ikiwa bado haijapoa, akaenda zake. Shangazi aligeuka na mkono kiunoni.

"Umemwambia nini yule?"

"Nimemwambia babu yuko vipi."

"Umetia mchanga kitumbua chetu, Chiriku! Mtu safi kama yule, anayejua kazi yake! Unataka babu yako apelekwe mbali?"

"Angeondoka tu, shangazi. Wote wanaondoka wakishaona. Na huyu angeondoka nikiwa nimeshamzoea."

Shangazi alishusha mkono. "Kumzoea? Mimi nilidhani huna habari nao. Wakija hata hukai nao."

"Ndiyo maana sikai nao."

Hapo machozi yakamtoka, yakatoka kwelikweli, kwa maana yalikuwa ya miezi mingi. Shangazi alimkumbatia. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba mtoto huyu wa ndugu yake alikuwa akiishi peke yake ndani ya nyumba yenye watu. Alipomwachia, alikwenda akafungua mlango wa chumba cha babu. Wakamtoa wakisaidiana, wakamkalisha kitini pake dirishani, na shati lake lile lile lenye doa la uji.

Mwombaji wa pili alikuwa mama wa makamo mwenye mkoba uliojaa hadi zipu haifungi. Naye alikuwa na cheti, akaanza kukitafuta humo mkobani. Shangazi alimzuia.

"Cheti nitakiona baadaye. Kwanza njoo umwone mwenyewe."

Yule mama alikwenda mpaka kitini, akainama usawa wa uso wa babu. "Shikamoo, baba."

Midomo ya babu ilianza kuhangaika. Tangu augue, neno moja la kuitikia salamu lilimchukua muda mrefu, na watu hawakulisubiri. Walimwamkia wakaendelea na mazungumzo yao, na shangazi na Chiriku walikuwa miongoni mwao. Shangazi alifungua kinywa ili aeleze habari za kiharusi, lakini mama yule alimwashiria kwa mkono kwamba angoje kidogo. Alibaki ameinama, anamtazama babu bila haraka.

"Ma... ra... haba," babu alisema hatimaye, jasho likimtoka.

"Ahsante, baba. Na huyu binti ni nani wako?"

Babu alimtazama Chiriku. Upande mmoja wa mdomo wake ukapanda. "M... ke... wangu."

"Kumbe," alisema yule mama, akamgeukia Chiriku kwa uso mkavu. "Kama wewe ni mke wa baba, basi ni mama yangu. Shikamoo, mama."

Chiriku aliangua kicheko, na babu akacheka naye mpaka akakohoa. Shangazi alivuta kiti akakaa. Maswali yake ya siku zote hakuyauliza.

"Nitakwambia ukweli," alisema, akamweleza yote: mkojo, kikombe kinachoruka, machozi ya jioni. "Sasa nawe niambie. Siku uliyochoshwa kabisa na mgonjwa, ulifanya nini?"

"Nilimuuguza mama mkwe wangu," alijibu yule mama. "Siku moja alinimwagia chai nguo yangu ya kutokea, kwa makusudi kabisa. Nilitoka nje, nikamtukana kimoyomoyo mpaka hasira ikaisha, nikarudi ndani. Nilijua hakunichukia mimi. Alikuwa ameuchukia ule mwili usiomtii. Lakini nami nina langu la kusema. Jumapili ni siku ya watoto wangu. Na mkiona nimekosea, niambieni mimi, msiwaambie majirani."

"Tumekubaliana," alisema shangazi.

Wiki ya kwanza haikuwa lelemama. Kikombe kiliruka, shuka zilifuliwa mara mbili kwa siku, na jioni moja Chiriku alimkuta yule mama ameketi kimya kando ya babu aliyekuwa akilia, amemshika mkono tu. Jumapili akaenda kwa watoto wake. Jumatatu asubuhi Chiriku aliacha chai yake ikapoa, akiutazama mlango. Muda wa shule ulifika, shangazi naye alikuwa anachelewa kazini, na mlango haujabishwa.

Hatimaye ukabishwa. Yule mama aliingia anahema. "Nisameheni. Mtoto wangu wa mwisho alinifichia kiatu nisiondoke." Akapita moja kwa moja hadi dirishani kumwamkia babu, akasubiri kuitikiwa.

Shangazi na Chiriku walitoka pamoja. Njiani shangazi alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Chiriku alipoanza kujiona mkubwa.

"Nilikuwa naajiri mikono tu," alisema. "Kumwogesha mtu, kumgeuza kitandani, kumpa dawa, hayo hufundishwa mtu akayajua. Heshima na subira mtu huja nazo kutoka kwake, na mimi sikuwahi kuziulizia. Halafu nikaficha ukweli, nikakufundisha na wewe kudanganya. Hilo ndilo kosa langu kubwa, mwanangu. Mtu akiambiwa ukweli mapema, akabaki, anabaki kwa hiari yake."

Chiriku alitembea kidogo akiwaza. "Shangazi, huyu naye siku moja ataondoka?"

Shangazi hakutaka kumdanganya tena. "Huenda," alisema. "Ana watoto wake, ana maisha yake. Lakini siku akiondoka, atakuja kukuaga."