Mapazia Sita, Kandambili Hakuna

Jumamosi binti yangu huamka kabla yangu. Hufua sare zake, hufagia uani, kisha huvipanga barazani viatu vya wateja: vya kushona huku, vya kubandika soli kule. Mimi ni fundi viatu. Tangu mama yake afariki tumebaki wawili, na kazi za nyumba hazikupungua kwa sababu hiyo.

Jumamosi moja hakupanga kiatu hata kimoja. Alikaa kwenye kigoda changu, akanitazama ninavyozunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Baba, umeshaamua?"

"Niamue nini mwanangu, na kichwa kimejaa nyuki?"

Mafao ya mama yake yalikuwa yametoka. Marehemu alifagia wodi za hospitali miaka kumi na minane, na wakubwa wakaikalia haki yake miaka mitatu. Leo lete picha. Kesho, picha hii masikio hayaonekani. Mshahara wao wenyewe haujawahi kuchelewa hata siku moja. Sasa fedha tulikuwa nazo, na tulitaka vyumba vya kupangisha ili kodi imsomeshe binti mpaka achoke mwenyewe. Zikipotea, basi. Mtu hafi mara mbili.

Lakini tununue wapi? Mjomba wake alisema tutafute kiwanja nje ya mji, huko bei iko chini. Jirani akasema kiwanja kitupu hakileti kodi, nijenge hapahapa uani. Muuza mkaa akasema nikae mbali kabisa na wapangaji, ni watu wasumbufu, naye amepanga! Kila mmoja nilimwitikia kwa kichwa. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimekubali mambo matatu yanayogombana.

Ndipo akaja dalali, shati limenyooshwa mpaka linakata.

"Mzee wangu, utaumwa kichwa bure. Nina nyumba ya vyumba sita, kando ya barabara kuu, imejaa pomoni. Unalipa leo, mwisho wa mwezi unakula kodi."

Tukaenda. Kweli, kila mlango ulikuwa na pazia la kijani, jipya. "Wapangaji wako kazini," dalali alisema. "Ni watu wa heshima, hawana kelele." Binti yangu aliangalia juu, akaangalia chini, akakunja uso.

"Baba, mbona hapa..."

Dalali akamchomekea pipi mkononi. "Binti mzuri haingilii maneno ya wakubwa."

Nami, kwa kuogopa kuonekana sijui kulea, nikasema, "Nyamaza wewe!" Akanyamaza, akala pipi yake.

Tukapitiliza hadi ofisi ya mtaa. Karani alikuwa ameshika muhuri hata kabla hajasoma karatasi.

"Nyumba yenyewe mnaifahamu?" nikamuuliza.

"Kazi yangu ni muhuri, mzee. Kutembelea nyumba za watu si kazi yangu."

Ndivyo walivyo. Nikashika kalamu. Mara binti yangu akanishika kiwiko.

"Baba, usitie sahihi. Ile nyumba haina watu."

Dalali akacheka. "Mtoto anaota mchana."

"Milango sita, Baba, na sikuona kandambili hata moja. Kamba ya nguo imejaa utando wa buibui."

"Viatu wamevaa, wameenda kazini!"

"Na ndoo za kuogea? Nazo wameenda nazo kazini?"

Karani alicheka mpaka muhuri ukamdondoka. Dalali hakucheka tena. Nikaiweka kalamu chini.

Njiani nikamuuliza binti yangu, "Uliyaona haya tangu mwanzo?"

"Niliyaona, lakini sikujua kama naona sawasawa. Wewe ulisema ninyamaze, na yeye ni mtu mzima. Halafu..." Aliinamisha kichwa. "Pipi ilikuwa tamu, Baba."

Tukamfuata shangazi yake, dada yangu, ambaye amekuwa mpangaji maisha yake yote. Akafunga kanga kiunoni, akatupeleka moja kwa moja kwa muuza nyanya anayeketi ng'ambo ya nyumba ile.

"Pale?" muuza nyanya alishangaa. "Watu walihama wote wakati wa mvua. Barabara ilipoinuliwa, maji yakawa yanaingia vyumbani. Wakubwa wakaahidi mfereji. Basi, tunasubiri ahadi. Mapazia yameletwa juzi kwa pikipiki."

Nyuki wa kichwani hawakutulia. "Sasa tununue wapi?" nikauliza.

"Kaka, mimi nimehama nyumba saba," dada alisema. "Anayeuza atakusifia. Mwulize anayehama, yeye atakwambia kilichomfukuza."

Basi wiki tatu mfululizo, kila Jumamosi, yeye na binti yangu walizunguka mitaani wakiuliza. Huku maji hayatoki. Kule choo kimoja kwa watu ishirini. Nyuma ya hospitali wakakuta wauguzi wanaolipa nauli kila siku kwa kukosa chumba cha karibu, na mzee mmoja anayeuza vyumba viwili visivyopigwa lipu. Tulikwenda kuvitazama mvua ikinyesha, tukakuta sakafu kavu. Tukanunua hivyo viwili tu, na fedha iliyobaki tukapigia lipu na kuchimbia choo.

Siku muuguzi wa kwanza alipohamia, nilimwita binti yangu mbele ya shangazi yake. "Mwanangu, nilikunyamazisha. Nisamehe."

"Na mimi nilikubali kunyamazishwa, Baba."

Dada yangu akatutazama wote wawili.

"Sikilizeni," alisema. "Mtoto akiona jambo, aseme, tena kwa adabu. Na mkubwa akiambiwa, asikilize. Kwenye ile nyumba ya barabarani mmoja alikuwa na macho, mwingine alikuwa na fedha, na nusura mdomo uwe wa dalali peke yake."