Tiketi ya Bure Iliyoishia Bratislava

Sisi ni wawili, lakini kitanda chetu ni kimoja. Mimi nikikunja shuka zangu, Jolana anatandika zake. Kazi yetu ni kumtunza Bibi Ederer katika mji wa Wels, Austria. Ana miaka themanini na tisa, na miguu yake haimbebi tena. Wiki mbili anakaa na mimi, wiki mbili anakaa na Jolana. Asiye na zamu yuko kwake Slovakia, anafua, anapika, na akibahatika anapumzika.

Jina langu ni Margita. Natoka Lipany, mashariki ya nchi. Jolana anatoka Ružomberok, ambako mumewe Štefan alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi mpaka akastaafu. Wanawake wa zamu kama sisi ni wengi sana kwetu. Utatujua kwa begi la safari. Halirudi kabatini hata siku moja, linakaa nyuma ya mlango.

Kazi hii ina sharti moja lisilo na mjadala. Bibi Ederer haachwi peke yake hata dakika moja. Siondoki mpaka Jolana aingie. Akifika tunakunywa supu pamoja, tunapitia daftari la dawa, ninamweleza mzee wetu alilalaje na alikula nini. Ndipo ninabeba begi. Kwa hiyo treni ya Jolana ikichelewa, na mimi nimechelewa.

Zamani tulisafiri kwa gari la wakala aliyetutafutia kazi. Dereva alikusanya wanawake mji kwa mji. Tulikaa barabarani saa kumi na mbili, magoti kifuani, na nauli ilikatwa kwenye mshahara. Tukachoka, tukahamia kwenye treni. Hapo ndipo ujanja wa Jolana ulipoanza.

Kwetu mzee aliyejiandikisha hupanda treni bure ndani ya nchi. Mimi nina miaka hamsini na tisa, bado sijafika. Jolana ana sitini na sita, na hakuacha kunikumbusha. Alichukua tiketi ya bure mpaka Bratislava. Kutoka hapo alinunua tiketi nyingine, ya bei nafuu, mpaka Wels. Kati ya treni ya kwanza na ya pili alijiachia dakika kumi na mbili.

"Dakika kumi na mbili unakunywa na kahawa," alikuwa akisema. "Wewe lipa tu, mwenzangu. Mimi serikali inanipenda."

Lakini tiketi ya nafuu ni ya treni ile tu uliyoichagua. Treni hiyo ikiondoka, tiketi yako imekwisha. Jolana alilisikia hilo, ila kwa kuwa alikuwa hajawahi kukwama, hakulitia maanani.

Alikwama Jumamosi moja ya Februari. Theluji ilianguka, treni yake ikaingia Bratislava na dakika ishirini na tano za kuchelewa. Treni ya pili ilikuwa imekwenda. Ilibidi anunue tiketi mpya, ya siku ile ile, bei yake karibu mara nne ya ile ya kwanza. Badala ya kufika Wels saa nane mchana, alifika saa kumi na moja na nusu. Treni yangu ya kurudi nyumbani ilikuwa ya saa tisa, nayo ilikuwa na tiketi ya nafuu. Ikapotea vile vile.

Pesa iliniuma, sitasema uongo. Ila kilichoniumiza zaidi ni jambo jingine, na hapa lazima niwaambie habari za Alica.

Alica ni mjukuu wangu, ana miaka minane. Mama yake, binti yangu Zdenka, alifariki miaka miwili iliyopita. Alica anaishi na baba yake, Ľuboš, na mimi nikiwa nyumbani ninaishi nao. Mwezi wa Mei alikuwa anapokea komunyo ya kwanza. Katika parokia yetu, kabla watoto hawajaingia kanisani siku hiyo, kila mama humchora mwanawe msalaba kwenye paji la uso. Jumapili ile ya Februari padri alikuwa amewaita akina mama baada ya misa ili awaeleze utaratibu. Mimi ndiye niliyekuwa nisimame mahali pa Zdenka.

Nilifika nyumbani Jumapili saa kumi jioni. Ľuboš alikwenda badala yangu, akakaa nyuma kabisa, mwanamume peke yake kati ya wanawake, akarudi hajauliza kitu. Alica alikuwa mezani anapaka rangi kitabu chake. Hakuinua kichwa.

"Na siku yenyewe utachelewa pia, bibi?"

Ningeahidi nini, wakati ahadi yangu ilikuwa ndani ya zile dakika kumi na mbili za Jolana? Nikampigia simu na kumwambia maneno makali. Nilimwambia bure yake nimeilipia mimi. Nilidhani atajitetea, kwa maana Jolana hakosi la kusema.

"Endelea," alisema. "Sema yote, nakusikiliza. Hata mimi leo nimeshindwa kujitazama kwenye kioo."

Hasira ikaniishia hapo hapo. Ni vigumu kugombana na mtu aliyekwisha kujihukumu.

Tulipobadilishana tena, naye Jolana akarudi kwake, alipanda ngazi mpaka orofa ya tatu ya jengo lao. Hapo anaishi Renata, mwanamke wa miaka arobaini, muuza tiketi kwenye dirisha la kituo cha treni cha Ružomberok. Jolana alinipigia na kuiweka simu mezani ili nisikie. Nilikuwa Wels, ninamenya viazi. Bibi Ederer alikaa kando yangu. Hajui lugha yetu hata neno, lakini kila Renata aliposema, yeye aliitikia kwa kichwa.

Renata alitaka kujua kwanza Jolana alimwambia nini kondakta wa ile treni nyingine.

"Nilimwambia treni ya kwanza imechelewa na kosa si langu. Akasema pole. Kisha akaniuzia tiketi."

"Alifanya sawa, mama. Ulikuwa na tiketi mbili, maana yake makubaliano mawili. Wa treni ya pili hakukuahidi chochote kuhusu ya kwanza. Nunua tiketi moja ya safari nzima, Ružomberok mpaka Wels. Hapo ukicheleweshwa njiani na ukakosa treni inayofuata, wao ndio wenye deni la kukufikisha. Unapanda inayokuja, hulipi tena."

"Si nitalipia na kile kipande ninachopanda bure?"

"Utalipia. Sasa hesabu Februari ilikula kiasi gani, uniambie ipi ni ghali."

Jolana hakuhesabu. Nilisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe muda mrefu. Kisha akauliza kama hakuna njia yoyote ya kuendelea na bure yake, masikini, kwa sauti ya mtu anayeombea ndugu yake. Renata alimwambia ipo. Atoke na treni inayotangulia kwa saa mbili, akae Bratislava, anywe hiyo kahawa yake akiwa ametulia.

"Lakini dakika kumi na mbili, mama, hiyo ni kamari," Renata alisema.

Nikaona na mimi niseme langu. Niliuliza mbona kila tukitazama tiketi ya safari nzima tunakuta bei ya kutisha.

"Nani huyo?"

"Margita," Jolana alijibu. "Yule aliyekosa kikao cha padri."

"Pole, dada. Huwa mnanunua lini?"

"Siku mbili, tatu kabla."

"Basi mnakuta makombo. Kila treni ina tiketi chache za bei ya chini. Wa kwanza wanazichukua, wanaofuata wanalipa zaidi, wa mwisho analipa bei kamili. Mauzo hufunguliwa miezi kadhaa kabla. Na siku za katikati ya wiki mara nyingi ni nafuu kuliko Ijumaa na Jumamosi, siku ambazo wanawake wote wa zamu wamo njiani."

Akaongeza jambo ambalo sikulijua kabisa. Treni ile ile inayovuka mpaka huweza kuuzwa na reli ya kwetu na pia na reli ya Austria, na bei zisilingane. Tutazame pande zote mbili kabla ya kulipa. Tuseme na umri wetu, maana wazee huweza kupunguziwa. Jina kwenye tiketi liwe lile la kitambulisho.

"Unalipwa kuuza tiketi, halafu unatutuma kwa jirani?" Jolana alimtania.

"Dirishani nakuuzia. Hapa unakunywa chai yangu."

Kisha Renata akauliza swali lililotuumbua. Nani anapanga tarehe zetu? Tukajibu kwa pamoja kwamba ni wakala. Na kwa nini wakala hapangi mapema? Hatukujua. Tulikuwa tumezoea simu yake wiki moja kabla. Kesho yake nilimpigia. Yule mama wa ofisini alishangaa, akasema alidhani sisi wenyewe ndio hatupendi kujifunga mapema. Miaka minne tulikuwa tukimngoja, naye akitungoja. Siku hiyo hiyo nikaandika tarehe zote mpaka mwisho wa Septemba kwenye kalenda ya jikoni, na Jolana akaandika zile zile kwake.

Ikabaki tarehe ya Mei. Kwa ratiba tulikuwa tubadilishane Jumamosi, komunyo ni Jumapili saa tatu asubuhi. Tulimrudia Renata.

"Mama Jolana afike Alhamisi," alisema. "Dada Margita atoke Ijumaa asubuhi."

Nilimwambia Jumamosi inatosha, sasa tutakuwa na tiketi moja ya safari nzima.

"Haitoshi, dada. Tiketi nzuri inakuokolea pesa yako. Jumapili ikikupita, hakuna dirisha la kukurudishia."

"Nitafika Alhamisi," Jolana alisema. "Nitalala kwenye sofa."

Tukanunua mwezi wa Machi. Tiketi ya Alhamisi ilikuwa karibu nusu ya bei ya Jumamosi, na tuliipata rahisi zaidi upande wa Austria. Wakala hakupinga. Kwake ilimradi Bibi Ederer ana mtu.

Alhamisi ile ya Mei, saa nne asubuhi, simu ikalia. Ilikuwa Jolana. Aliniambia treni imesimama karibu na Trenčín. Upepo wa usiku ulikuwa umeangusha mti juu ya reli, na watu walikuwa bado wanaukata.

Akilini nilimwona Alica kule mezani, hainui kichwa. Bibi Ederer akaniuliza kuna msiba gani.

"Usianze kulia," Jolana alisema. "Nina tiketi moja, na leo ni Alhamisi. Nimemwomba kondakta aniandikie kwamba tumecheleweshwa, karatasi ninayo. Sasa hivi nakula mkate alionifungia Štefan. Ametia vitunguu vingi, jirani yangu amehama kiti."

Nikacheka. Treni ilisimama saa moja na dakika ishirini. Bratislava alionyesha tiketi na ile karatasi, akapanda iliyofuata. Vienna alionyesha tena. Hakuna aliyemdai hata senti. Aliingia mlangoni saa kumi na mbili jioni, viatu mkononi, miguu imevimba. Tukanywa supu, tukapitia daftari. Alilala kwenye sofa na kukoroma vizuri sana, na Bibi Ederer alinilalamikia kifungua kinywa kizima, amefurahi kupata cha kulalamikia.

Ijumaa nilisafiri bila tatizo. Jumamosi yote nilikuwa nyumbani. Nilipiga pasi gauni jeupe la Alica mara mbili, na mara ya pili halikuhitaji.

Sasa ni desturi yetu. Kalenda ikigeuzwa, tunakaa na simu zetu, yeye kwake na mimi Wels, tunatazama pande mbili, tunanunua. Wanawake wengine wa zamu wanatuuliza baada ya misa hapa Wels, na Jolana anawafundisha kana kwamba treni aliziunda yeye. Bure yake hajaiacha. Mara mojamoja anaitumia, akiwa na saa mbili kamili za kahawa.

Jumapili ile ya Mei watoto walipangwa mbele ya kanisa, wavulana kushoto, wasichana kulia. Katekista, msichana wa watu, alitangaza kila mama amsogelee mtoto wake. Kisha akatuona sisi. Akasita, akawa anatafuta neno lingine, uso umemwiva.

Alica hakumngoja. Aliinua nywele kutoka kwenye paji la uso kwa mkono wake mwenyewe, akanisogelea.

Nikamchora msalaba. Nilimlilia Zdenka hapo hapo, mbele ya watu wote, wala sikuona haya. Alica alinishika mkono.

"Twende, bibi," alisema. "Tutachelewa."