Vidole vya Moza

Moza alikuwa anagonga mgongo wa mama yake kwa vidole.

Nasma alidhani ni mchezo. Alikuwa barazani akichambua mchicha, mtoto kamfunga mgongoni kwa kanga, na jua lilikuwa la utosini, lile ambalo hata kuku wa Mingoyo hulikimbia. Vidole viligonga viwili, vikanyamaza, vikagonga kimoja. Viwili, kimya, kimoja. Mtoto mwenyewe alikuwa bado hajui kushika kijiko.

Sebuleni baba yake alianza kupiga piano, na vidole vile vikaandamana na mkono wake wa kushoto. Baba alipochelewa makusudi, kama ilivyo kawaida yake, vidole navyo vilichelewa.

"Baba! Njoo umwone mjukuu wako."

Mwalimu Fakihi alitoka, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Aliweka kiganja kwenye mgongo wa mtoto, akasikiliza, akacheka hadi akakohoa.

"Hiyo damu, mama. Damu haiendi mbali."

"Lakini amelala, baba. Mwangalie. Amelala fofofo."

Kabla hajajibu, sebuleni, ambako hakukuwa na mtu, piano ilitoa sauti moja nzito, ya upande wa kushoto kabisa.

"Panya," alisema Mwalimu, akarudi ndani.

Kwa miaka mingi Mwalimu Fakihi alikuwa mpiga piano wa jazi Dar es Salaam. Alipiga kwenye mahoteli, akatunga, akaalikwa Ulaya, akafundisha vijana ambao sasa wana bendi zao. Lakini popote alipokaa kupiga, watu waliomba wimbo wake mmoja, "Mgeni wa Mama". Ulianza taratibu kama mtu anayebisha hodi. Haukuwa na mwisho hasa. Ulizunguka, ukarudi pale ulipoanzia, kisha ukakatika hewani, na watu wakabaki wameduwaa na glasi mkononi. Hoteli ilipoitupa piano yake kuukuu, aliipakia kwenye lori lililokuwa likienda kufuata korosho huko Mtama, akarudi nayo kwenye nyumba ya marehemu mama yake. Nasma, ambaye mumewe Ismaili alikuwa kazini Mtwara, alikuja kumpikia. Alikuwa baba mwema. Kila asubuhi alipasha mwenyewe maji ya kumwogesha Moza, akayajaribu kwa kiwiko.

Alasiri walikuja wanafunzi. Aliyempenda zaidi ni Cecilia, binti wa kwaya ya kanisani, ambaye hakuja mikono mitupu: mara ndizi, mara muwa, mara ndoo ya maji aliyompokea Nasma njiani.

"Jazi ni kutembea," Mwalimu alimwambia. "Unaupiga wimbo, halafu unatoka nao, unazurura, hata kupotea ukitaka potea. Lakini mwisho?"

"Narudi nyumbani, Mwalimu."

"Unarudi nyumbani. Unaupiga tena ule wa mwanzo. Mimi hata usingizini mikono yangu inarudi."

"Basi nifundishe 'Mgeni wa Mama'."

"Huo hapana. Huo wangu."

"Mchoyo wewe, Mwalimu!"

"Mchoyo, ndiyo. Piga."

Baada ya hapo ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya matope ya mikoko maji yakiwa yamekupwa, nayo ilikaa sebuleni madirisha yakiwa yamefungwa, imechanganyika na udi ambao hakuna aliyeuchoma. Nasma alipiga deki kwa sabuni, akamwaga maji ya ndimu, na harufu ikarudi sakafu haijakauka. Kisha akaliona benchi. Baba yake alipenda kukaa upande wa kulia, kushoto kukabaki wazi, na mchana mmoja Nasma akiwa mlangoni na kikombe cha chai aliona mto wa benchi upande ule ulio wazi ukididimia polepole, kama unavyodidimia mtu mnene anapokaa kwa adabu asimsumbue mwenziwe.

Alimwaga chai yote.

Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, alipokuwa akimwogesha Moza, aliona kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimejikunja ndani ya kiganja. Alikivuta. Hakikufunguka. Mtoto hakulia, alikuwa akitazama juu ya bega la mama yake, akitabasamu.

Nasma alikijua kile kidole. Vidole vya marehemu mama yake, Fauzia, vilijikunja hivyo hivyo, kimoja kimoja kama majani ya kifauwongo yaliyoguswa, mwaka ule "Mgeni wa Mama" ulipopata jina, hata Nasma, angali msichana mdogo, akawa ndiye anayemlisha uji na kumfunga vifungo vya gauni. Baada yake akafuata Stefano, mwanafunzi bora wa baba, aliyekaa naye benchi moja. Mikono yake ilikauka akarudi kwao asiweze kushika jembe. Hospitali walisema mishipa. Na mikono ya baba yake ilikuwa laini mpaka leo, haina hata ukucha uliopasuka.

Hakumngoja atoke msikitini. Alipanda gari la Mchinga, mtoto mgongoni, akamfuata Bibi Mastura.

Bibi Mastura alikuwa ameshika ngoma za kupunga pepo kwa Bi Mwanasha, mama yake Fakihi, enzi hizo akiwa mwali. Alipofika Mingoyo na kuingia sebuleni, alivua bangili zake zote ili zisimwamshe mtoto. Kisha, kabla ya kumsalimia mtu yeyote, aligeukia benchi tupu akainamisha kichwa.

"Salaam, mgeni wetu," alisema.

Mwalimu Fakihi alivua miwani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Fakihi. Huo wimbo wako, niimbie kwa mdomo. Kidogo tu, usiguse hilo dude."

Aliimba mstari mmoja. Bibi Mastura akamziba mdomo kwa kiganja.

"Huo si wako. Huo ni wa kumpandisha yule wa mama yako, aliyetoka naye Kilwa Kivinje alipoolewa. Uliusikia wapi?"

"Nyuma ya mlango. Nilikuwa mtoto."

"Na wa kumuaga?"

Mwalimu aliitazama mikono yake.

"Mlikuwa mnalala," alisema Bibi Mastura, bila ukali. "Watoto wote mlilala kabla hatujamuaga. Mimi ndiye niliyekuwa nawafunika kanga." Alimtazama Moza. "Basi umemwita miaka yote hiyo, hujamwambia kwaheri hata mara moja. Anakuja, hakuna kiti cha kukalia, hakuna wa kumpa ruhusa aondoke. Anakaa kwa aliye karibu. Akichoka kungoja, anakunja mikono ya watu."

"Kwa nini asinikunje mimi?" aliuliza Mwalimu kwa sauti ndogo.

"Akikukunja wewe, nani atamwita?"

Nasma alimsogeza mtoto kifuani. "Na redioni je, bibi? Ule wimbo unapigwa redioni."

"Redio haina damu. Yeye hufuata mkono." Alimgeukia Mwalimu. "Kuna mkono mwingine unaoujua?"

"Hakuna," alijibu upesi.

Nasma, aliyemsikia akimnyima Cecilia, alishusha pumzi.

Wimbo wa kuaga ulikuwa mfupi na mkavu, sauti tatu zinashuka, zinarudiwa, basi. Mwalimu alikunja uso kama mtu aliyepewa chakula kisicho na chumvi.

"Huu tu?"

"Huu tu. Mpigie wa kumwita, umpigie wa kumuaga, unyanyue mikono. Usitie nakshi yako. Ukimaliza, mwanangu, usiguse tena."

Walifanya siku iliyofuata, adhuhuri. Vidole vitatu vya Moza vilikuwa vimeshakunjika. Bibi Mastura alikaa sakafuni na chetezo, Nasma akasimama ubavuni mwa piano akiwa amemkumbatia mtoto, na Mwalimu akaanza kubisha hodi kwa ule wimbo wake. Harufu ya matope ilipanda mpaka ikakaba koo, upande wa kushoto wa benchi ukazama, na Moza akafumbua macho yasiyokuwa yake, macho ya mtu mzima aliyengoja kwa muda mrefu, akaanza kugonga kifua cha mama yake kwa vidole vilivyobaki, kwa nguvu, kwa hasira, hata Nasma akahisi kila pigo mfupani.

Kisha zikashuka zile sauti tatu. Zikarudiwa. Harufu ikapungua kana kwamba mtu amefungua dirisha, mto wa benchi ukainuka polepole, na kwenye mkono wa Moza kidole kimoja kikafunguka, na cha pili, na Nasma akaanza kulia kwa shukrani akimwita Mungu, na kupitia machozi akaona mikono ya baba yake, ambayo ilipaswa kuinuka, haikuinuka, imetulia juu ya piano, imepumua kama inavyopumua mwisho wa kila wimbo, halafu yenyewe, bila yeye kuitazama, kwa mazoea ya maisha yake yote, ikarudi nyumbani. Ikaanza kubisha hodi tena.

"Fakihi!" alipiga kelele Bibi Mastura.

"Siwezi," alisema Mwalimu, na jasho likimtiririka. "Siwezi kuizuia, mama."

Mto ulianza kuzama. Kidole cha Moza kilianza kujikunja. Nasma alishika kifuniko cha piano, cha mti mzito, kwa mkono mmoja, akakishusha juu ya mikono ya baba yake kwa nguvu zote, na kwa kuwa mikono ile iliendelea kucheza chini yake, akakinyanyua akakishusha tena.

Hospitalini Lindi Mwalimu alisema kifuniko kiliteleza. Hakumlaumu binti yake, si mbele za watu wala walipokuwa wawili. Vidole havikufaa kuunganishwa. Piano ilipasuliwa kuni, na kuni zenyewe hakuna jirani aliyezitaka. Mkono wa Moza ulifunguka wote, akaanza kushika kijiko, na Nasma alimlisha mtoto upande huu na baba upande huu, na kila kijiko baba alisema, "Ahsante, mama," mpaka moyo wa Nasma ukawa unapasuka.

Mchana mmoja alisikia miguu ya watu uani. Alikuwa kitandani kwa baba, bakuli la uji mkononi, Moza amelala mgongoni. Dirishani akamwona Cecilia na mwenzake wa kwaya, Alex, wanatua kinanda cha kwaya juu ya viti viwili. Nyuma yao akina mama wa kwaya wameshika sahani za vitumbua zilizofunikwa vitambaa.

"Dada Nasma, usitufukuze!" Cecilia alisema akicheka. "Tumekuja kumpoza Mwalimu. Kwaya nzima imechangia betri."

Nasma aliguswa. Tangu ajali watu hao hawakuacha kuwaletea maji.

"Na leo nikwambie siri," Cecilia aliendelea, mikono yake imeshakaa juu ya kinanda. "Mwalimu alinifundisha, kila ulipokwenda sokoni. Akaniapisha nisikwambie. Alisema wimbo usizikwe pamoja naye."

Akabisha hodi.

"Acha!" Nasma alipiga ukelele, bakuli likaanguka. "Cecilia, acha!" Lakini kwaya ilikuwa imeshadaka sauti, akina mama wakiimba bila maneno, kwa huruma, kwa sauti nne nzuri zilizomfunika. Akamgeukia baba yake amsaidie. Baba alikuwa ameinua kichwa kwenye mto. Uso wake uling'aa, na vile vigutu vyake vilivyofungwa bandeji vilikuwa vikipiga shuka.

"Polepole, mwanangu," aliita dirishani kwa sauti tamu ya siku zote. "Usikimbie. Rudi nyumbani."

Chumba kilinuka matope. Na mgongoni mwa Nasma, ndani ya kanga, vidole vidogo vilianza kugonga. Viwili, kimya, kimoja.