Mrija wa Kwanza

Kila Jumamosi asubuhi, Mbishi alifagia karakana ya mama yake huku akinung'unika. Shuleni alikuwa na jina zuri tu, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Alipokuwa mdogo aliambiwa alale, akauliza kwa nini. Aliambiwa aoge, akauliza kwa nini. Mjomba wake akachoka, akampachika jina hilo, nalo likamkaa vizuri kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake.

Karakana ilikuwa chumba kirefu cha mabati nyuma ya nyumba. Katikati ilisimama mashine ya kutengeneza mirija ya karatasi ya kunywea, ambayo wote waliiita Bi Mkubwa kwa sababu ilipenda kudekezwa. Tepe tatu za karatasi zilitoka kwenye roli zake, zikapakwa gundi, kisha zikajiviringisha kwenye fimbo nyembamba ya chuma. Mkanda ulizisukuma mbele, kisu kikakata, na mirija ikadondoka kwenye beseni. Mwendeshaji alikuwa mjomba huyo huyo, mdogo wake mama, mtu wa mzaha aliyembembeleza Bi Mkubwa kwa maneno yale yale aliyowabembelezea wateja. Mbishi alipanga mirija kwenye maboksi. Jioni, kabla ya kutoka, kazi yake ilikuwa kufunika pipa la gundi.

Mama alikuwa na sharti moja ambalo halikuvunjwa hata siku ya haraka. Mrija wa kwanza wa kila asubuhi ulitiwa kwenye glasi ya maji, na aliyeendesha mashine ndiye aliyeunywea. "Kama wewe mwenyewe huwezi kuunywea, usiutoe hapa," alisema mama siku mashine ilipoletwa. Mjomba aliligeuza sharti hilo kuwa maigizo. Alinyonya maji kwa kelele, akashika tumbo kama mtu aliyelishwa sumu, akayumba mpaka mlangoni, kisha akacheka peke yake.

Jumamosi moja, shule zikiwa zimefungwa kwa likizo, mama alitoka mapema kwenda kununua maboksi zaidi. Walikuwa wamepata oda ya wodi ya watoto katika hospitali kubwa ya mji. Hawakuwahi kupata oda kama hiyo, na gari la hospitali lilitarajiwa kabla ya adhuhuri. Mbishi alipoingia karakana alimkuta Bi Mkubwa ananguruma. Mezani palikuwa na glasi ya maji, na mrija umesimama wima ndani yake. Mjomba aliichukua glasi, akaenda nayo hadi kwenye sinki, akamwaga maji yote.

"Mjomba, hujanywa," Mbishi alisema.

"Nimeshakunywa."

"Sijakusikia. Wewe ukinywa, hata majirani wanajua."

"Leo sina kiu. Funga maboksi, mpwa wangu, gari linakuja."

Mbishi aliokota mrija kwenye beseni. Ulikuwa mgumu, umenyooka na unang'aa, mzuri kuliko wa siku zote. Akaunusa. Gundi yao ilitengenezwa kwa wanga, na ilinukia kama uji uliopoa. Mrija huu ulichoma pua. Harufu hiyo aliijua vizuri, kwa maana ilitoka kwa seremala wa jirani kila alipounganisha miguu ya viti.

"Hii ni gundi ya mbao," alisema.

Mjomba alizima mashine. Karakana ikanyamaza, na uso wake haukuwa na mzaha wowote. "Njoo uone," alisema, akampeleka kwenye pipa. Gundi yote ilikuwa imekauka, imepasuka juu kama tope la kiangazi. Kifuniko kilikuwa sakafuni, pale pale Mbishi alipokitupa jana wenzake walipomwita kwenda kucheza mpira.

Alikikumbuka kifuniko kile, na alikumbuka pia alivyojiambia kwamba angerudi kulifunika pipa.

"Duka la gundi halifunguliwi hadi Jumatatu," mjomba alisema kwa sauti ya chini. "Niliyaona haya mapema, nikaenda kuomba gundi kwa seremala. Mama yako sikumwambia kitu. Nimekufichia lako, nawe nifichie langu. Gundi ikishakauka imekauka, nani atajua?"

"Kama haina neno, mbona hukunywa?"

Mjomba alijikuna shingo.

Mbishi aliogopa, na aliogopa kweli. Mama alikuwa ameisubiri oda hii kwa muda mrefu, na kama ingepotea, aliyeipoteza angekuwa yeye na kifuniko chake. Ilikuwa rahisi tu kufunga maboksi na kunyamaza. Lakini aliwafikiria watoto waliolala kitandani, wasioweza kuinua kikombe, wakinyonya maji kwa mrija huu huu uliomchoma pua. Wao hawangeweza hata kuuliza kwa nini.

Akakalia rundo la maboksi.

"Sifungi," alisema.

"Acha ubishi wako leo."

"Leo ndiyo siuachi."

"Ukisema langu, nami nitasema lako."

"Sema. Sitaki kufichiwa."

Mjomba alisogea kuchukua boksi, Mbishi akalikumbatia. Kisha aliinuka, akajaza glasi maji safi, akachomeka mrija, akaiweka mbele ya mjomba wake. "Kunywa, mjomba. Ukinywa mpaka maji yaishe, nitafunga maboksi yote, na mdomo wangu nitaufunga."

Mjomba aliinua glasi. Aliuleta mrija karibu na midomo, akauangalia, akamwangalia mpwa wake. Kisha akairudisha glasi mezani taratibu.

Wakati huo mama alikuwa amesimama mlangoni, maboksi mapya kwapani. "Mnagombania nini?"

Mbishi aliwahi kusema kabla ujasiri haujamtoroka. "Mama, jana niliacha pipa wazi, gundi ikakauka. Ni mimi. Na mirija hii yote imetengenezwa kwa gundi ya seremala, nami sitaifunga hata ukinichapa."

"La kwake ni la usahaulifu, Dada," mjomba alisema akiwa ameinamisha kichwa. "La kwangu nililifanya nikijua. Niliona jasho lako linapotea, nikadhani nakusaidia."

Mama aliunusa mrija, akatoa simu, akampigia mpishi mkuu wa hospitali. Alimweleza yote, bila kusingizia mashine wala umeme. Sauti ya mpishi ilisikika hadi ukutani. Alisema wagonjwa wake wangelishwa kwa vijiko siku mbili nzima, na wauguzi wangemlalamikia yeye. Alisema angekuja mwenyewe Jumatatu, na asiporidhika angetafuta watu wengine. Kisha akakata simu.

"Haya," mama alisema, "mwenye pipa akalisugue. Mwenye mirija akaitupe."

Siku hiyo Mbishi alikwangua gundi kavu mpaka kucha zikamuuma. Kwa mara ya kwanza hakuuliza kwa nini.

Jumatatu gundi mpya ilipofika, mpishi mkuu naye alifika. Alikuwa mwanamke mnene mwenye aproni nyeupe na uso usiocheka ovyo. Alisimama mbele ya Bi Mkubwa, mikono kifuani, mpaka mrija wa kwanza ulipodondoka. Mama aliutia kwenye glasi. Mjomba alikunywa maji yote kimyakimya, bila kushika tumbo wala kuyumba.

"Nipe na mimi," mpishi alisema. Akanywa, akausugua mrija kwa vidole, akaunusa. Kisha akamgeukia Mbishi. "Nimeambiwa kuna mtu alikataa kufunga maboksi. Ni wewe?"

"Ni mimi. Na ningekataa tena."

"Na kifuniko cha pipa?" mama aliuliza.

Mbishi hakutazama chini. "Kifuniko ni kosa langu, Mama."

Mpishi alitikisa kichwa kukubali. "Nitachukua mirija," alisema. "Lakini kila nikija, nitanywa kwanza."

Alipoondoka, mama alimvuta binti yake karibu. "Nimeulalamikia ubishi wako tangu ulipoanza kusema," alisema. "Mara nyingi unabisha ili ukwepe kazi, na huo siutaki. Lakini juzi ulibisha ukijua kwamba wewe ndiwe wa kwanza kuumia. Mtu anayedai ukweli kwa wengine aanze kwa kusema wa kwake, kama ulivyofanya. Ubishi wa namna hiyo usiuache, hata ukinibishia mimi."

Kisha akajaza glasi nyingine, akamwekea mrija. "Kuanzia leo, anayefunga maboksi naye anakunywa."

"Kwa nini?" Mbishi aliuliza, na kabla mama hajamjibu, akainama akanywa kwa kelele mpaka mjomba akacheka.