Moto Jikoni kwa Semboja

Shangazi yangu Mwaija alikuwa na usafi wa kupitiliza. Uwanja wake pale Kwamndolwa ulikuwa unafagiwa mpaka kuku wanaona aibu kupita. Na kwa kuwa alikuwa mashoto, alama za ufagio wake zililala upande ambao wanawake wengine hawalazi. Tulimtania kwamba anafagia kinyumenyume. Yeye naye hakukosa la kujibu. "Njooni mfagie nyie basi, wavivu wakubwa!"

Mwaka ule watu wengi walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa. Binti yake wa pekee, Chausiku, alikuwa huko Handeni kwa mumewe, na alikuwa mjamzito. Mimba za kwanza zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo hii ilikuwa inamtoa shangazi roho. Mwenyewe alikuwa mjane, anaishi peke yake, na akaamua kuuza nyumba akakae na mwanawe.

"Mwanaidi, sitaki kufia hapa peke yangu," aliniambia, "natazamana na kichaka."

Kichaka chenyewe kilikuwa cha jirani yake, mzee Semboja, aliyekufa miaka kadhaa nyuma bila mrithi. Magugu yalishafika madirishani. Watu walimsema mengi huyo mzee, na mimi sitayarudia, maana sikuyaona. Nitasema ninalolijua. Mumewe shangazi alipokufa, Semboja alimposa. Shangazi akamkatalia mbele ya watu, na maneno ya shombo juu. Semboja akacheka tu. Akasema, "Sawa, Mwaija. Ipo siku utaniwashia moto mwenyewe, bila kuitwa."

Alipokufa, wazee waliingia jikoni kwake wakayapindua mafiga yote. Kwetu jiko la mtu asiye na mrithi linafungwa hivyo. Mwanamke akiyasimamisha mafiga yale na kuwasha moto, basi kakubali kuwa mwenye jiko, yaani mke wa huyo marehemu. Hilo hata mtoto wa kwetu analijua.

Sasa wanunuzi walikuwa wanakuja, wanaisifu nyumba, wanagonga kuta, wanatabasamu. Halafu wanageuka upande wa pili. "Na pale anakaa nani?" Wakishauliza hivyo, hawarudi tena. Na siku za Chausiku zilikuwa zinakaribia.

Siku ninayoisimulia nilitoka Makuyuni asubuhi, jua zuri, nimembebea shangazi mihogo. Nilipofika nikadhani nimepotea njia. Kwa Semboja magugu yamefyekwa. Uwanja umefagiwa. Kanga mbili za shangazi zimeanikwa kwenye kamba yake. Na jikoni moshi unatoka.

"Shangazi, nani kahamia?"

Akaniwekea kidole mdomoni. "Hajahamia mtu. Mnunuzi anakuja leo. Nataka aone pana watu."

"Na huo moto umeuwasha juu ya nini?"

Akatazama pembeni. "Nimesimamisha mafiga."

"Yarabi! Shangazi, si ungewasha hata nje?"

"Unipigie kelele na wewe! Mwanangu atajifungua peke yake huko, mimi nimekaa hapa naogopa mawe? Mnunuzi akiondoka nitauzima."

Nilikasirika, lakini nikatua mihogo. Moto ulishawaka.

Mnunuzi akaja adhuhuri. Aliitwa Eliasi, wazazi wake walikuja zamani kutoka Kigoma kukata mkonge, na alikuwa na mkewe, Rosa. Watu wastaarabu. Wakaipenda nyumba pale pale. Eliasi akatazama ng'ambo, akaona moshi, akafurahi.

"Majirani wapo?"

"Wapo," alijibu shangazi.

"Basi ngoja nikawasalimu. Sinunui nyumba bila jirani wa mpakani kujua."

Kabla hatujamzuia, alishavuka. Nikasema moyoni, haya, leo tumeumbuka. Akasimama mlangoni kwa Semboja. Akapiga hodi.

Kimya.

Akapiga tena. Halafu akavua kofia. Akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee," tukamsikia.

Akaingia.

Shangazi akanishika mkono. Kucha zake ziliniingia. Rosa alikuwa anasifia mti wa limau, hajui hili wala lile. Mimi natazama ule mlango. Simwoni mtu. Nasikia Eliasi anacheka ndani. Anacheka kidogo, ananyamaza, kama anayesikiliza.

Akatoka anafuta mdomo.

"Mzee mkarimu sana. Kanipa maji. Hana neno na sisi." Akamgeukia shangazi. "Anakushukuru kwa moto, mama. Ila anauliza, ukihama wewe, nani atamfagilia?"

Nyumba iliuzwa siku hiyo hiyo.

Wale wageni walipoondoka tukaenda kuuzima. Jikoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na kata ya maji, imelowa. Tukamwaga ndoo nzima. Moto ukafuka, ukafa. Shangazi akayapindua mafiga kwa mikono yake. Tukavuka mpaka. Tulipogeuka, moshi ulikuwa unatoka tena.

Shangazi alihama kwa basi la kwanza.

Chausiku alijifungua salama, mtoto wa kike, mzima kabisa. Shangazi alifurahi, jamani, alicheza ngoma na umri ule! Tukadhani yameisha.

Baadaye Chausiku akaniambia mambo mengine. Kila asubuhi mama yake anaamka amechoka. Kanga inanuka moshi. Analala amenawa miguu, anaamka ina vumbi jekundu, na mlango una komeo kwa ndani.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Siendi. Napelekwa." Halafu akalia kama mtoto. "Nimeuza nyumba nije kwako, mwanangu. Kumbe sikutoka."

Asubuhi moja mkeka ulikuwa mtupu. Komeo lilikuwa mahali pake. Kijiji kizima kiliingia porini kumtafuta. Hakuna kilichopatikana, wala kiatu. Mpaka leo shangazi yangu hana kaburi, na hilo linaniuma kuliko hofu yenyewe.

Nikaenda Kwamndolwa. Nilikuwa na hasira kweli, nimtukane nani sijui. Nikamkuta Eliasi anatengeneza baiskeli barazani.

"Majirani wazuri," alisema. "Hawapendi tu kutoka. Mama namsikia alfajiri anafagia, anakohoa kidogo."

"Mama gani?"

"Si mke wa mzee? Karudi majuzi."

Nikavuka mwenyewe. Uwanja wa Semboja ulikuwa hauna jani. Alama za ufagio zimejipanga kuanzia mlangoni mpaka mpakani, zote zimelala upande wa mashoto. Hapakuwa na unyayo hata mmoja. Nikasogea hadi katikati. Nikanong'ona.

"Shangazi."

Ndani kitu kikakohoa. Mara moja tu.

Sikusubiri. Nikageuka niondoke. Nikatazama chini nione nilipopita.

Nyayo zangu hazikuwepo. Nyuma yangu, kuanzia mpakani hadi kwenye visigino vyangu, pameshafagiwa.

Na alama zimelala kushoto.