Kijiko cha Becky

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, barabara ya Luthuli haina pa kuweka mguu. Kila duka limefungulia spika zake hadi mwisho, mabroka wanawavuta wateja mikono, na mtu akitaka kumwambia mwenzake neno ni lazima ampigie kelele sikioni. Nzau alikuwa amesimama mlangoni pa duka la mzee Idarus, shati lake jeupe limepigwa pasi likapigika, akisifu runinga ya inchi arobaini na tatu, ndipo mwanamke mmoja akamkatiza.

"Hiyo ikipigwa teke inavunjika?"

Nzau aligeuka. Sketi ndefu ya kijani, sweta ya zambarau, na kilemba cha kitenge kilichofungwa haraka haraka lakini kikamkaa mwenyewe vizuri ajabu. Mgongoni alikuwa amembeba msichana wa miaka tisa hivi kwa leso mbili, miguu mirefu ikining'inia hadi karibu na magoti ya mama yake.

"TV inapigwa teke na nani, madam?"

"Na huyu. Anaitwa Becky. Ya kwanza aliigonga na kikombe. Ya pili aliipenda sana, akaikumbatia, ikaanguka."

Wakati huo Becky aliuona ukuta wa duka. Runinga zaidi ya ishirini, zote zikionyesha samaki wale wa rangi wanaowekwa kuwavutia wateja. Akapiga ukelele wa furaha, akatupa kichwa nyuma, akacheka hadi mate yakamtiririka shingoni mwa mama yake. Wateja waligeuka. Mama mmoja alimvuta mwanawe karibu. Wanjugu, maana ndilo jina la mama Becky, alikaza leso tu akangoja watu wamalize kuangalia, kama mtu aliyekwisha kungoja hivyo mahali pengi.

Nzau hakujua la kufanya. Basi akachukua rimoti, akawarudisha samaki mwanzo. Becky akacheka tena. Akawarudisha tena.

"Utafutwa kazi," Wanjugu alisema.

"Bosi ameenda msikitini. Na akirudi nitamwambia nimepata mteja wa samaki."

Wanjugu akacheka, na hapo ndipo Nzau alipokwisha.

Ile runinga aliipeleka mwenyewe hadi Dagoretti Corner, ambako Wanjugu alishona mapazia na sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Aliifunga juu ukutani, mahali mguu wa Becky haufiki. Jumapili iliyofuata alirudi kukagua skrubu. Jumapili ya pili akarudi kuzikagua tena.

"Kwani hizo skrubu zako ni za aina gani zinalegea kila Jumapili?" Wanjugu alimuuliza, pini mdomoni.

"Ni za Kichina, mrembo. Zinataka mtu wa kukaa nazo karibu."

"Skrubu tu?"

"Na fundi wa mapazia."

Miezi ikapita hivyo. Becky hakuwa na neno hata moja, hakutembea bila kushikwa, na nepi zake zilikuwa za ukubwa ambao maduka mengi hayaweki. Lakini Nzau akigonga geti la mabati, kicheko cha Becky kilimfikia kabla ya salamu ya mama yake. Alijifunza kumbeba, kumpangusa mate, kumwimbia nyimbo za Kikamba alizozisahau nusu. Alipenda nyumba ile yote, na aliyekuwa na macho aliliona hilo.

Jambo moja tu lilimkera. Wakati wa kula, Wanjugu alichukua bakuli na kijiko cha plastiki cha manjano, akakaa mkekani, na Nzau akageuka mgeni.

"Nipe nimlishe leo, mpenzi. Wewe umechoka."

"Wacha. Huyu husakamwa. Wewe kaa hapo uangalie TV."

"Nionyeshe basi, nitashika."

"Siku ingine, Nzau."

Siku ingine haikufika. Nzau alikaa akiangalia runinga aliyoiuza mwenyewe, huku rohoni akijiuliza mkono wake una kasoro gani.

Alhamisi moja simu ililia dukani.

"Sasa, mzee wa skrubu?"

"Poa, laazizi. Sauti yako leo ina sukari, kuna nini?"

"Watu wa TV wanakuja kwangu! Wanatengeneza drama ya familia yenye mtoto kama Becky. Prodyusa anaitwa Carolyne, alinipata kwa kikundi chetu cha wazazi. Wanataka kuona vile tunaishi."

"Wanakuja wangapi?"

"Yeye na yule ataigiza baba. Ken."

"Ken nani?"

"Nzau."

"Nauliza tu."

"Ken ni Ken. Ako na ndevu poa."

"Ndevu umeziona wapi?"

"Kwa simu, mpenzi wangu. Kwani zimefichwa?" Akacheka, akakata simu. Kicheko hicho Nzau alibaki nacho siku nzima, na hakikumfurahisha.

Jumapili alifika na kicha cha ndizi mbivu, akagonga geti. Becky hakucheka. Akasukuma mlango, akaingia.

Mkekani alikaa mwanamume wa ndevu zilizochongwa, suruali ya kitambaa ghali, miguu ameikunja. Becky alimwegemea. Mkononi mwa mwanamume yule kilikuwa kile kijiko cha manjano. Wanjugu alipiga magoti nyuma yake, kidevu karibu kigusane na bega lake, mkono wake juu ya mkono wa mwanamume yule akimwongoza.

"Gusa mdomo wa chini kwanza. Halafu ungoje. Usimharakishe. Mwambie, polepole, malkia."

"Polepole, malkia," Ken alisema kwa sauti nene ya redioni, na Becky akafungua mdomo.

Wivu Nzau alikuwa ameusikia kwa watu, akawacheka. Sasa ulikuwa wake, na ulikuwa na joto.

"Nzau! Karibu, huyu ndiye..." Wanjugu alianza.

"Nimemwona."

Nzau akatoka, Wanjugu akamfuata hadi uani. "Ni nini sasa? Huyu amekuja kazi."

"Na mimi nilikuja nini? Miezi yote hii nakuomba kijiko. Huyu ameingia leo, umempa, na mkono umemshikia!"

"Hujui unachosema."

"Basi niambie."

Wanjugu aliangalia nyumba, akamwangalia yeye. Midomo ilicheza kidogo kisha ikafungana. "Si hapa. Si na wageni ndani."

"Endelea na wageni wako basi." Nzau akaondoka na hasira zake. Alifika kituo cha magari ndipo akagundua kwamba kicha cha ndizi bado anacho mkononi.

Wanjugu alipiga simu, Nzau hakushika. Akapiga tena, hakushika. Hasira zilipopoa alipiga yeye, na sasa simu ikawa inalia upande wa pili hadi ichoke. Jumapili zikaanza kumpita akiwa amelala kitandani mchana, akihesabu nyufa za dari.

Kisha drama yenyewe ikaanza kuonyeshwa. *Nyumba ya Tumaini*, waliiita, na mji mzima ukaipokea. Sasa nani alipata adhabu kama ya Nzau? Mtu mwingine akimwonea wivu mwanamume huzima runinga akalala. Nzau aliuza runinga. Ken alimtazama kutoka ukutani akiwa inchi ishirini na nne, akiwa inchi thelathini na mbili, akiwa inchi sitini na tano kila tundu la ngozi likionekana. Wateja walijaa mlangoni kutazama bure.

"Baba wa Tumaini, woiye! Mwanaume kama huyo anapatikana wapi?" msichana mmoja aliuliza, akifuta machozi.

"Studio," Nzau akajibu.

Alitafuta makosa, na makosa hayakuwa haba. Familia ile iliishi Muthangari, nyasi zimekatwa, yaya wawili. Tumaini aliigizwa na mtoto mzuri wa nywele zilizosukwa, gauni halina doa. Mama yake alilia katika kila sehemu ya drama, na rangi ya mdomo haikutoka. Hakuna aliyebadilishwa nepi katika nyumba ile. Lakini Ken alipochukua kijiko, akagusa mdomo wa chini, akangoja, kisha akasema, "Polepole, malkia," Nzau alijua hayo yametoka wapi na yalipitia kwenye mkono wa nani.

Siku hiyo alichukua rimoti, akaingia kwenye rangi, akamgeuza Ken kijani. Runinga baada ya runinga, ukuta mzima, ndevu za kijani, meno ya kijani. Alisikia raha isiyo na aibu. Wateja wawili waliokuwa wamefungua pochi wakazifunga.

"Kijana wangu," mzee Idarus alimwita kutoka kaunta, kofia yake iliyotariziwa imekaa upande. "Runinga zangu zimepata safura?"

"Ni rangi tu, mzee."

"Ni wivu tu, mwanangu. Umeniharibia ukuta kwa ajili ya mwanamke ambaye hata huendi kumwona. Kampende ama umwache, lakini usinifungie duka." Akamsukumia karatasi ya kupeleka mzigo. "Kuna inchi themanini na tano ya kupelekwa Muthangari kesho mchana. Wana hafla. Ukaifunge, na mtu asiwe kijani."

Nyumba ya Muthangari Nzau aliitambua kabla ya kushuka garini: ni ile ile ya kwenye drama. Carolyne, suti nyekundu na viatu virefu, alimwelekeza sebuleni ambako wangetazama sehemu ya mwisho kabla ya watu wengine. Nzau akapanda ngazi, akatoboa ukuta, akakaza skrubu. Aliposhuka, wageni walikuwa wamejaa, na miongoni mwao, pembeni kabisa, amekaa Wanjugu. Alivaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, Becky mapajani. Macho yao yakakutana. Hakuna aliyetabasamu.

Ken aliingia na suti nyeupe, akapigiwa makofi. Alimwinamia Wanjugu akambusu shavu, na Nzau akaishika drili yake kwa nguvu.

Sehemu ya mwisho ikaanza. Tumaini aliketi bustanini, jua linazama, muziki umepanda. Akainua kichwa. Akaangalia kamera. "Ma-ma," akasema.

Sebule nzima ililia. Watu wakasimama, wakapiga makofi. Wanjugu hakusimama. Alimkumbatia Becky, ambaye kelele zilimtisha akaanza kupiga mayowe, na uso wa mama yake ulikuwa mkavu, bila chozi.

"Mama Becky, tafadhali," Carolyne alimnong'oneza kwa adabu, "kuna hotuba. Pengine kule nyuma atatulia?"

Ken alikuja mbio kusaidia. "Polepole, malkia," akasema, mkono mbele. Becky alimtazama kama asiyewahi kumwona. Mate yakaruka yakatua kwenye suti nyeupe. Ken akarudi hatua, akajitazama kifuani. Hakuwa mtu mbaya. "Pole, Wanjugu. Ni vile kuna picha baadaye," alisema, akaenda kutafuta maji.

Wanjugu akambeba Becky akatoka nyuma, na Nzau akawafuata hadi kwenye baraza ya jikoni. Wanjugu alikuwa amekaa kwenye ngazi, bakuli la uji wa wimbi limefunguliwa kando. Becky alimwona Nzau. Mayowe yakakatika. Akacheka.

"Umemsikia?" Wanjugu alisema bila kumtazama. "Huyo amekungoja."

"Nilidhani mnaye Ken."

"Bado uko kwa Ken?" Sasa alimtazama, na macho yalikuwa mekundu. "Keti nikwambie, kwa sababu siku ile ulitaka nikwambie mbele ya watu. Babake Becky, Wachira, ndiye alikuwa anamlisha. Asubuhi na jioni, mimi nikiwa kazi. Akaenda na mwanamke mwingine, bila hata kuaga. Becky akafunga mdomo. Hakuufungua kwangu wala kwa nyanya yake. Tulilazwa, wakampitishia mpira wa chakula puani. Hawezi kuuliza baba ameenda wapi, Nzau. Aliuliza hivyo."

Nzau aliiweka drili chini.

"Ken nilimpa kijiko kwa sababu nilijua ataenda. Mtu wa siku moja hamwachi na kidonda. Wewe nilikunyima kwa sababu nilitaka ukae, na niliogopa kwamba hutakaa."

"Ungeniambia."

"Ungeshika simu." Akapangusa pua kwa mkono wa gauni. "Na nilikuwa mjinga. Niliogopa kijiko, kumbe ulishaingia bila kijiko. Kila Jumapili anaangalia mlango. Uji anaacha nusu. Nimeogopa mpaka silali."

Wivu wote ule, na ndevu za kijani, na Jumapili alizolala mchana akijihurumia, vilimrudia Nzau kwa mpigo mmoja, na aliona haya hadi masikio yakawaka. Alikuwa amemwonea wivu mtu wa kwenye kioo, huku mtoto akimngoja mlangoni. Akakaa chini kwenye ngazi.

"Nisamehe. Nipe kijiko."

"Nzau, sisemi juu ya uji."

"Najua unasema juu ya nini. Nataka kuwaoa nyote wawili. Nipe."

Wanjugu akamwekea kijiko cha manjano mkononi, akamhamishia Becky mapajani, akajiondoa pembeni bila kumwongoza mkono.

Nzau akagusa mdomo wa chini, akangoja. Becky aliufunga. Akangoja tena. Ndani walikuwa wanarudia ile sehemu ya bustanini, na makofi yakalia upya. Mdomo ulibaki umefungwa. Uji ulianza kupoa, na jasho likamtoka Nzau.

"Mwambie kitu," Wanjugu alinong'ona.

"Nimwambie polepole malkia?"

"Hapana. Chako."

Nzau alikohoa kidogo. Alichokuwa nacho ni kile anachosema siku zote mlangoni pa duka. "Karibu, madam. Hii ni inchi arobaini na tatu. Ukiipiga teke, haivunjiki. Ukiikumbatia, haianguki. Ikiharibika, mwenyewe nakuja. Jumapili, Jumatatu, siku yoyote. Na hatuna kurudisha."

Becky alimkazia macho. Kisha akafungua mdomo.