Kituo cha Mbele ya Kliniki

Kila siku ya kliniki ilipofika, Thérèse alimshika mkono mumewe, Magloire, akampandisha basi katika barabara kuu ya Peckham, ughaibuni walikokimbilia. Figo za Magloire zilikuwa zimeacha kufanya kazi. Mashine ya kliniki ndiyo iliyomsafishia damu. Basi lilisimama karibu kabisa na mlango. Hata hivyo, hatua hizo chache zilimtoa jasho.

Asubuhi moja walimkuta kituoni jirani yao Geeta, muuza vitambaa mzaliwa wa Mombasa. Alimvuta Thérèse kando.

"Mama Miradie, umeiona ramani ya tramu?"

"Ile treni nyepesi itakayopita humu barabarani? Nimesikia tu."

"Itafuata njia ya basi letu, lakini vituo vitapunguzwa ili iende upesi. Basi litahamishiwa barabara ya nyuma. Kituo cha kliniki hakimo."

Kutoka kituo cha jirani, Magloire angelazimika kupanda kilima kwa miguu. Asingefika.

"Leo jioni wapangaji wa barabara wanapokea maoni ukumbini, na ndiyo mara ya mwisho. Nenda ukaseme."

"Sitaki, Dada Geeta. Hata wanawake wa kanisani nimewaonya: serikali ikiuliza, nyamazeni. Kule kwetu Bukavu, jirani yangu alitaja jina lake mkutanini. Hakuonekana tena."

"Na mumeo je?"

Thérèse alimtazama Magloire, aliyeegemea nguzo ya kituo.

"Kituo cha basi ni nguzo tu, huhamishwa wakati wowote. Reli ikishalazwa, nani ataing'oa kwa ajili yako? Sasa bado ni michoro. Ukinyamaza, watadhani kituo kile hakina watu."

"Wakiniuliza jina?"

"Si lazima ulitaje. Hawa ni wapangaji wa barabara, si watu wa uhamiaji. Wala usiseme 'hatutaki' ukaishia hapo. Waeleze nani hushuka pale, na kwa nini."

Jioni Thérèse alikwenda. Ukumbi ulijaa. Mzee mmoja alifoka kwamba tramu ni upuuzi, akapigiwa makofi. Mpangaji wa barabara, Jennifer, hakuandika kitu. Zamu ya Thérèse ikafika. Alisimama. Alieleza habari za figo, kilima na jasho. Jennifer akaanza kuandika.

"Ni mumeo peke yake anayeshuka pale?"

Thérèse aligeuka. Wanawake wa kanisani walikuwa wameketi nyuma, wameinamisha vichwa, kimya kama alivyowaamuru. Amri ilikuwa yake, na ni yeye wa kuivunja. Ndipo aliposema kwa sauti, ukumbi mzima ukisikia:

"Mimi naitwa Thérèse Nabintu. Nakaa mtaa wa nyuma ya soko."

Kisha kiti kikakwaruza sakafu.

"Naitwa Vaileth," alisema mwanamke mmoja. "Mama yangu hushuka pale."

Mwingine akasimama, na mwingine tena. Jennifer alitia alama kwenye ramani, mbele ya kliniki.

Miezi ikapita. Ramani mpya ilipotolewa, kituo kilikuwamo, na jukwaa lake lilichorwa sawa na sakafu ya tramu, bila ngazi. Magloire alikigusa kituo kwa kidole.

"Nani aliyewaambia habari zangu?"

"Mimi."

"Ukataja jina?"

"Lote."

Magloire alitupia jicho mlango, kama ilivyokuwa desturi yake tangu wakimbie Bukavu. Hapakuwa na mtu.

"Safari nyingine," alisema, "uwatajie na langu."